Bezaleli Naye Alijazwa Roho

Nawasalimu nyote, wa Thika na wa Ruiru, pamoja na ninyi mlio mbali, Doha na Riyadh, mnaotuma karo ya watoto huku nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mungu awatunze.

Leo neno langu ni kwa wazazi wenye mtoto aliyemaliza Kidato cha 4, aliye Kidato cha 3, au aliyeingia Gredi ya 10. Ni kwa vijana wenyewe pia. Kijana, usipite haraka. Soma hadi mwisho, kisha mpe mama simu naye asome.

Tangu matokeo ya KCSE yatoke, ombi linaloniijia sana ni hili: "Pastor, tuombee mtoto apate chuo." Naomba, na nitaendelea kuomba. Lakini kabla sijafumba macho nimezoea kuuliza maswali matatu. Mtoto alipata nini katika kila somo? Ameandika kozi gani kwenye maombi? Siku ya mwisho ya kuomba ni lini? Wengi hujibu la kwanza nusu nusu, na hayo mengine mawili hunyamaza. Wapendwa, tunamsihi Mungu atufungulie mlango na hata hatujaenda kuona mlango uko upande gani wa nyumba. Yesu mwenyewe alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Iko katika Luka 14. Kuketi na kuhesabu ni tendo la kiroho. Bwana wetu ndiye aliyelifundisha.

Niwaambie habari ya familia moja. Nimeomba ruhusa yao, na majina sitayataja. Binti yao alipata C- mwaka uliopita. Alipokuwa darasa la tano, mhubiri mmoja mgeni alimwekea mikono akasema anamwona amevaa koti jeupe, daktari wa mataifa. Tangu siku hiyo nyumbani aliitwa "Daktari". Jirani wakamwita Daktari. Hata sisi kanisani tukamwita Daktari. Matokeo yalipotoka, jina hilo likageuka kuwa mzigo. Jumapili tatu hakuonekana ibadani. Mama yake naye, ambaye huketi safu ya pili, akawa anaketi nyuma karibu na mlango, na baraka zikitolewa tu, ameshaondoka.

Ndipo akatokea wakala. Aliwaambia wazazi kwamba kuna chuo ng'ambo kinachochukua wanafunzi wa udaktari bila kuangalia alama, mradi pesa zitumwe mapema. Familia hiyo ina ploti moja tu, upande wa Juja Farm, waliyoilipia kupitia chama kwa miaka mingi, shilingi kwa shilingi. Walikuja kwangu mnunuzi akiwa tayari amepatikana. Walitaka niombee mauzo yaende vizuri.

Mpendwa, wewe ungeomba?

Mimi niliwaomba wanipe siku saba kwanza. Nikawaambia waende na maswali mawili. Moja, wapeleke jina la chuo hicho kwa Baraza la Madaktari hapa nyumbani, KMPDC, waulize kama mtu mwenye alama za binti yao akisoma huko atasajiliwa kutibu watu Kenya. Pili, wamwulize binti mwenyewe anapenda kufanya nini.

Swali la kwanza lilipata jibu siku ya tatu: hapana. Lile la pili ndilo lililonyamazisha nyumba, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza. Na sote kanisani jibu tulikuwa nalo mbele ya macho yetu. Huyo binti ndiye anayeketi na timu ya mitambo. Kipaza sauti kikikatika katikati ya sifa, ni yeye anayekuja na bisibisi na waya wa risasi. Taa za jukwaani aliziunganisha yeye na kaka mmoja fundi. Alipoulizwa, alijibu kwa sauti ya chini, kama anayeungama dhambi: "Napenda mambo ya stima."

Mama yake alilia. Hakulia kwa furaha. Alisema, "Pastor, nitawaambiaje watu kwamba Daktari amekuwa fundi wa stima?"

Hapo ndipo nataka tufungue Biblia.

Nenda Kutoka sura ya 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, naye amemjaza Roho wa Mungu. Amjaze Roho ili afanye nini? Ahubiri? Atoe pepo? La. Ili afanye kazi ya dhahabu na fedha na shaba, akate vito, achonge mbao. Akapewa na mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani. Rudi nyuma kidogo hadi sura ya 28 utawakuta washonaji wa mavazi ya Haruni, nao wamepewa roho ya hekima kwa kazi ya sindano na uzi. Sisi Wapentekoste tunapenda sana neno hili "kujazwa". Basi tukubali kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kabisa ambao Maandiko yanasema walijazwa Roho wa Mungu, yumo fundi.

Fundi huyu hakuwa mtu aliyeshindwa na masomo akaona heri ashike nyundo. Aliitwa kwa jina. Bila yeye hema ya kukutania isingesimama, na Haruni angekuwa kuhani asiye na mahali pa kuhudumu.

Sasa soma 1 Samweli 16. Samweli anafika nyumbani kwa Yese, anamwona Eliabu, kijana mrefu mwenye sura nzuri, na moyoni anasema huyu ndiye. Mungu anamzuia. Samweli alikuwa nabii wa kweli, si wa barabarani, lakini macho yake yalivutwa na kimo. Ikiwa Samweli alihitaji kusahihishwa, sisi wachungaji wa leo ni nani hata tumpige mtoto wa miaka kumi muhuri wa udaktari mbele ya watu, kisha tupande matatu turudi kwetu, tuwaachie wazazi deni la kutimiza? Nasema haya kwa upendo kwa watumishi wenzangu wanaosoma hapa. Unabii wa kweli hauogopi karatasi ya matokeo. Ukiwa umetoka kwa Mungu, utastahimili kuulizwa maswali.

Na mzazi, angalia pia Yese. Aliulizwa watoto wote, akaleta saba. Wa nane alikuwa machungani. Uko na mtoto gani ambaye hukumleta mbele mwaka huu kwa sababu ya gredi?

Haya, sasa tukae chini tuhesabu. Chukua kalamu.

Kwa mwenye cheti cha KCSE, ngazi ziko hivi. C+ na zaidi anaweza kuomba shahada katika chuo kikuu. C- na zaidi anaweza kuomba diploma. D na zaidi anaweza kuomba cheti cha ufundi. Walio chini ya hapo, hata aliyepata E, wana kozi za fundi wa ngazi ya kwanza katika vyuo vya kiufundi. Narudia: hata E ina mlango. Maombi ya shahada, ya diploma na ya vyeti, pamoja na ya vyuo vya mafunzo ya matibabu vya KMTC, yanapitia tovuti ya KUCCPS.

Lakini gredi ya jumla si yote. Kila kozi inaangalia masomo yake. Kwa shahada, KUCCPS hukokotoa alama kutokana na masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo. Uhandisi utatazama Hisabati, Fizikia na Kemia. Udaktari utatazama Biolojia na Kemia. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari, Tume ya Walimu, TSC, inaangalia masomo mawili atakayofundisha. Kwa hiyo watoto wawili wenye B moja wanaweza kuwa na milango tofauti kabisa. Mzazi anayesema "wangu ana B, ataingia popote" bado hajafungua karatasi.

Kijana, usimwachie mtu wa saiba akuchagulie kozi kwa sababu foleni ni ndefu. Namba yako na nywila yako ni vyako. Andika kozi zako kwenye daftari nyumbani kwanza, kwa mpangilio wa unachokitaka, na masharti ya kila moja pembeni. Ukienda saiba, unaenda kuandika ulichokwisha kuamua.

Kisha uliza jambo ambalo wengi hawaulizi: kozi hii imeidhinishwa na nani? Chuo kikuu kinasimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Chuo cha kiufundi kinapata leseni kwa TVETA. Na kazi nyingine zina bodi zake: wahandisi, wauguzi, mawakili, madaktari. Nchi hii imeona vijana waliosoma uhandisi miaka mitano, wakavaa joho, wakapigwa picha na shada shingoni, kisha bodi ya wahandisi ikakataa kuitambua shahada yao. Simu moja kabla ya kulipa ingewaokoa machozi. Jengo refu na basi zuri havithibitishi kozi.

Tuje kwa mama yule na swali lake la "watu watasemaje". Mama, na wengine wenye swali hilo, tazameni barabara yetu hii ya Thika. JKUAT pale Juja, ambayo kila mzazi angependa mtoto wake aingie, ilianza 1981 kama chuo cha kati. Ilikuwa ikitoa diploma na vyeti. Ikawa chuo kishiriki cha Kenyatta University mwaka wa 1988, na 1994 ikawa chuo kikuu kamili. Mount Kenya University hapa Thika mjini nayo ilianza kama chuo kidogo cha kompyuta katika miaka ya 1990, ikapata hati ya chuo kikuu 2011. Vyuo vyenyewe vilipanda ngazi! Mbona tunamwonea haya mtoto anayeanzia ngazi ya chini? Mwenye cheti akifaulu anaendelea hadi diploma, na mwenye diploma anaweza kuendelea hadi shahada. Njia hiyo ni ndefu, lakini ni njia, na akiwa njiani tayari ana kazi mikononi.

Tena angalia mahali Mungu alipotuweka. Viwanda vya Thika, vya nguo, vya mafuta ya kupikia, vya kusindika mananasi, haviendeshwi na mameneja peke yao. Kuna mtu anayejua mashine ilie namna gani ikiwa inataka kuharibika. Ruiru kila mwezi linainuka ghorofa jipya, na kila ghorofa lina maji, stima na lifti. Ni mikono ya nani itakayoviweka? Ikiwa ni mikono ya watoto waliofundishwa kwetu, kumcha Mungu na kutoiba waya, hiyo nayo ni injili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mwenye alama za udaktari aache udaktari. Tunahitaji madaktari waliookoka, na Danieli na wenzake walikaa miaka mitatu wakisoma lugha na maandishi ya Wakaldayo, masomo magumu ya ugenini, na Mungu ndiye aliyewapa ujuzi katika elimu hiyo. Mtoto mwenye uwezo huo asukumwe hadi juu kabisa. Ninachosema ni kwamba Yakobo alipowabariki wanawe katika Mwanzo 49, alimbariki kila mmoja kwa baraka iliyomfaa. Hakuchukua baraka ya Yuda akaigawanya mara kumi na mbili.

Kuhusu pesa, maana najua ndiko moyo unakopiga. Tangu 2023 serikali ilileta mfumo ambao mwanafunzi anaomba mwenyewe ufadhili na mkopo, na familia inachangia sehemu kulingana na hali yake. Mfumo huo umepingwa mahakamani na umekuwa ukirekebishwa, kwa hiyo usitegemee alichoambiwa mtoto wa jirani mwaka juzi. Soma maagizo ya mwaka huu. Jambo la kukumbuka ni kwamba kupata nafasi chuoni hakukuletei pesa yenyewe. Lazima uombe. Na mkopo wa HELB hulipwa. Si zawadi, wala si dhambi. Ni deni, na mtu wa Mungu hulipa deni lake. Wanafunzi wa vyuo vya kiufundi nao wanaruhusiwa kuomba. Anayechagua chuo kikuu cha kibinafsi aulize mapema ni msaada gani wa serikali unaomfikia na upi usiomfikia, asije akashtuka muhula wa kwanza.

Kuna pia basari ya eneo bunge, ile ya NG-CDF, na ya kaunti yetu ya Kiambu. Fomu nyingi zinataka muhuri wa chifu na sahihi ya kiongozi wa dini. Sahihi yangu ni bure. Haihitaji sadaka, haihitaji uwe mshirika, haihitaji usimame kwanza utoe ushuhuda. Njoo nayo Jumatano. Nakusihi tu usije saa kumi na moja jioni siku ambayo fomu zinafungwa saa kumi na moja.

Na kwa ninyi wa Gredi ya 10, ninyi ni kundi la kwanza kufika hapo. Wenzenu wa Kidato cha 3 ndio watakaofunga ukurasa wa 8-4-4 kwa KCSE ya 2027. Ninyi mna mikondo mitatu: wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, wa Sayansi ya Jamii, na wa Sanaa na Michezo. Mkondo una masomo matatu ya kuchagua, na hayo matatu yatafungua milango mingine na kufunga mingine. Mzazi, usichague mkondo kwa sababu ndio unaotajwa sana redioni. Mwite mwalimu wa mtoto, keti naye nusu saa, uliza mtoto huyu hung'aa wapi na hulala wapi. Walimu wanaona mambo ambayo sisi hatuyaoni nyumbani.

Sasa, kanisa tunafanya nini zaidi ya kuandika?

Jumamosi mbili zijazo, kuanzia saa tatu asubuhi, tutakuwa kanisani na kompyuta za ofisi. Leteni karatasi ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo. Kila mtu mwenye kazi katika ushirika huu namwita kwa jina la Yesu: nesi, mhasibu, mwalimu, fundi bomba, dereva wa trela, mama mwenye saluni, kaka anayeandika programu za kompyuta. Njoo uketi kwenye benchi saa mbili, vijana waje wakuulize unaamka saa ngapi, unapenda nini, unachukia nini, na ulisomea wapi. Katika Kutoka 35 tunasoma kwamba Mungu alimtilia Bezaleli moyoni mwake pia uwezo wa kufundisha wengine. Ujuzi unaokufa na wewe haujamaliza kazi yake.

Na Jumapili inayofuata nitawaita mbele vijana wote wa Kidato cha 4 wa mwaka jana tuwaombee. Wote, wa A na wa E, kwa mstari mmoja, na sitasoma gredi ya mtu yeyote. Mzazi aliyehamia safu ya nyuma, rudi mahali pako. Tumekukosa.

Najua mnataka kujua habari ya yule binti. Ploti haijauzwa. Amekwisha kuomba diploma ya umeme katika vyuo vya kiufundi, kozi moja baada ya nyingine, baada ya kukagua masharti ya masomo yake. Baba yake alikubali, akamnunulia mita ya kupima stima kwa pesa za boda boda. Mama bado anapambana moyoni, na ameniruhusu niseme hivyo. Tusimhukumu. Ndoto ya miaka minane haizikwi kwa siku saba. Mwombeeni, na mkikutana na binti, mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, tunaleta mbele zako watoto wa nyumba hii. Wewe uliyemwita Bezaleli kwa jina, waite na hawa. Utupe sisi wazazi masikio ya kuwasikia na subira ya kuketi na kuhesabu. Uwafichue matapeli wanaokula ploti za wajane na wanyonge. Utufungulie milango, na utupe akili ya kuibisha. Amina.

Kama umeguswa, andika hapa chini jina la kwanza la mtoto wako na kitu kimoja anachopenda kufanya. Si gredi yake. Anachopenda kufanya. Kama hukijui, funga simu sasa, nenda kamwulize.

Mbarikiwe.
Mchungaji wenu.